Majivu Hayafungi Gurudumu

Kiti cha magurudumu kilisimama mbele ya kibanda cha chai cha Nasimiyu, na hakuna mtu aliyekifundisha kusimama pale.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwaka wa 1999, na malori ya kwenda Uganda yalikuwa yamepanga foleni ndefu Malaba nzima. Apolot alikuwa anaelekea darajani na katoni mbili za sabuni chini ya blanketi lililofunika miguu yake. Alibonyeza kitufe cha kwenda, akabonyeza tena. Kiti kilitulia. Kilikaa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto bila haraka, kisha kikatikisika kidogo, kama mtu amekishika kwa nyuma, kikaendelea na safari.

"Imezima?" Nasimiyu aliuliza kutoka ndani ya moshi wake.

"Hapana, dada. Imepumzika tu," Apolot alijibu huku akicheka.

Nasimiyu hakucheka. Alikuwa anaangalia mwisho wa benchi ya nje, upande wa kushoto, mahali Ochom alipokuwa akikaa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja.

Itabidi niseme Ochom alikuwa nani, ingawa Apolot alikwisha kuapa kwamba jina hilo lisitajwe mbele yake. Malaba ina desturi yake, na hakuna sheria iliyoiandika: mtu asiyetembea hapekuliwi. Afisa wa forodha atafungua gunia la mjane, atafungua hata begi la mchungaji, lakini kuinua blanketi juu ya miguu iliyokauka, hapo mkono wake unakufa. Wengine husema ni haya, wengine husema ni kuogopa laana. Basi wafanyabiashara huwapa mizigo yao wale wenye viti vya magurudumu, na kila mwenye kiti ana msukumaji wake. Apolot aliugua polio akiwa na miaka minne. Msukumaji wake alikuwa Ochom, mtu mrefu, mkimya, mwenye kifua kibovu alichokitibu kwa kutafuna tangawizi mbichi kutwa nzima.

Msukumaji hukaa nyuma. Apolot hakuujua uso wa Ochom jinsi alivyojua mlio wa akala zake, zile sandali za tairi, pata, pata, na ile pumzi ya tangawizi juu ya kisogo chake wakati wa kupanda mwinuko wa darajani. Wenye miguu mizima hudhani hiyo si njia ya kumjua mtu. Ni wao tu wanaodanganywa na sura.

Mwaka wa 1997, mvua za El Nino zikiwa zimechachamaa, Ochom alimwacha Apolot katikati ya mageti mawili, pale ambapo si Kenya wala si Uganda. "Ngoja hapa kidogo, naitwa mahali. Nakuja sasa hivi," alisema. Apolot alingoja saa tano, mvua ikimnyeshea, kwa sababu ardhi ilikuwa tope na mikono yake peke yake isingeweza kukitoa kiti. Aliyekuja hatimaye alikuwa kaka yake Ojakol, na mwavuli.

"Huyo mtu wako nimemuona juu ya lori ya Kampala," Ojakol alimwambia njiani. "Yeye na mwanamke. Walikuwa wanacheka."

Apolot alilia wiki nzima. Kisha akafanya kile bibi yake alichokuwa akifanya kwa mtu asiyetakiwa kurudi: alijikokota mpaka kwenye njia ya kuingia nyumbani, akamwaga majivu ya jiko kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kusema, mguu wako usipaone hapa tena. Aliumia, na aliyeumia hapimi maneno.

Tangu hapo Ojakol alimkodishia wasukumaji waliomsukuma kama mkokoteni wa mkaa. Mizigo ilikuwa ya Ojakol. Alikuwa mfyatua matofali, na duka lake jipya la matofali mekundu lilijengwa kwa faida ya blanketi la dada yake, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Apolot alibaki na ombi moja tu duniani: asimtegemee tena mtu yeyote wa kusimama nyuma yake.

Ombi lilijibiwa mwezi wa Machi 1999. Josiah, kijana wa Nambale aliyekuwa anafundisha uhandisi Nairobi, alikuja na watu wa misheni na kiti cha majaribio kilichojiendesha. Kilikuwa na betri kama ya gari, kisanduku cha chuma chini, na vijicho kumi na viwili vilivyozunguka mbele vikilia tik, tik, tik. Josiah alieleza kwamba mlio ule hugonga ukuta, mbuzi au mtu, ukarudi, na kiti kikajua pa kupita, kama popo anavyojua. Ukikipitisha njia mara moja huku umebonyeza kitufe chekundu, kinaikumbuka. Kesho yake unakaa tu. Na chini ya mto wa kukalia kulikuwa na springi iliyopima uzito, ili kiti kisiende bila mtu.

Siku ya kwanza Apolot alipovuka daraja peke yake, madereva wa malori walipiga honi mpaka akafunika uso kwa kitambaa. Alikuwa anatokwa na machozi na hakutaka waone.

Sasa kiti hicho hicho kilikuwa kimesimama kunywa chai.

Siku mbili baadaye, kwenye mwinuko wa darajani, Apolot alisikia akala. Pata, pata. Aligeuka. Nyuma kulikuwa na barabara, na vumbi, na mwanamke mwenye kikapu cha ndizi aliyekuwa mbali sana. Alipogeuka mbele, pumzi ya joto ilipita juu ya kisogo chake, na ilikuwa na tangawizi.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba yule aliyemtupa amerudi kumsukuma, na kwamba kwa dakika moja, kabla ya kukumbuka hasira yake, alifurahi?

Lakini Malaba ina mdomo. Mama mmoja aliyekuja kukopa unga saa saba mchana, wakati Apolot amelala, alikiona kiti kinatoka mlangoni kitupu, kinapita pembeni ya kuku, kinatoka getini na kupotea. Alikimbia bila unga. Kufika jioni mji mzima ulikuwa na maelezo: ni jini la Mombasa, limepanda lori pamoja na makontena, limefika mpakani likakosa stakabadhi za kuvuka, likaona kiti. Watu walicheka wakisimulia, lakini waliacha kupita karibu na nyumba ya Apolot.

Jumamosi Josiah alikuja kama kawaida yake, akachomeka waya kwenye kisanduku, akafungua kompyuta yake ya kubeba. Magurudumu yalihesabu kila mzunguko na kila kona, na kompyuta ilichora safari hiyo kama mstari. Aliangalia muda mrefu.

"Dada Apolot, kuna mtu anakusukuma huko kwa mlima?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Hapa kwa kupanda, mota inafaa kuvuta moto mingi sana kwa betri. Haivuti kitu. Iko sifuri." Alijikuna shingo. "Hii kiti haijiendeshi. Inasukumwa."

Apolot alikunja blanketi, akalikunjua.

"Na hii ingine siielewi kabisa," Josiah aliendelea kwa sauti ya chini. "Kila siku saa saba inatoka kwa mlango wako. Uzito, hakuna. Inaenda kwa geti, inakata kushoto, inaenda kama hatua mia tatu, inasimama. Inakaa. Inarudi. Mara kumi na tisa."

"Si ulisema haiwezi kuenda bila mtu?"

"Nilisema."

Josiah alisema Jumamosi ijayo angekichukua kiti akakifungue Nairobi, na Apolot akahisi kama mtu anayeambiwa miguu yake itang'olewa upya. Alimwomba asikichukue. Aliomba kwa aibu, kwa sababu hakuwa na uhakika anaomba abaki na nini.

Jioni alimweleza Ojakol, kwa maana alikuwa ndiye kaka, na nani mwingine wa kumweleza? Alimwambia tu kwamba kiti kinatoka chenyewe mchana na kwamba kinanuka tangawizi. Ojakol alikuwa anakula. Alilirudisha tonge kwenye sahani.

"Hiyo kitu ichomwe," alisema.

"Kaka, hiyo ndiyo miguu yangu."

"Nitakununulia ingine. Hiyo ichomwe kabla ilete kifo hapa."

Mtu mwenye mikono mikubwa kama ile, aliyezoea kubeba matofali ishirini kwa mpigo, alikuwa anatetemeka. Apolot aliona, akadhani ni huruma. Ndivyo tunavyowasoma ndugu zetu, tunaanza na jibu.

Ojakol alikwenda mwenyewe Amukura kumleta Lazarus, mtu aliyejulikana kwa kutoa mapepo. Walifika Jumamosi, jua likiwa utosini. Josiah naye alikuwepo, na pikapu ya misheni ya kubebea kiti, na majirani walikuwa wamejaa uani, Nasimiyu miongoni mwao akiwa bado na aproni. Lazarus alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti kubwa kuliko yeye. Hakupiga ngoma wala hakupiga kelele. Alimwomba Apolot akae kwenye kiti, kisha akamgeukia Josiah.

"Toa moto yake kwanza. Nataka nijue naongea na nani."

Josiah alichomoa waya wa betri, akabaki ameushika. Tik, tik ya vijicho ikanyamaza.

"Mama," Lazarus alimwambia Apolot, "kuna mtu ulimfungia njia?"

Apolot alimtazama kaka yake. Ojakol alikuwa anaangalia chini.

"Nilimwaga majivu," alisema. "Kwa mtu aliyenitupa."

"Alikutupa, ama uliambiwa alikutupa?"

"Mzee, sikukuleta hapa kuhoji dada yangu," Ojakol aliingilia. "Toa hiyo pepo, tuchome, uende."

Lazarus aliinama, akapitisha kidole juu ya tairi, akanusa. "Majivu inafunga mguu," alisema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Haifungi gurudumu. Huyu amekaa huko nje miaka mbili anatafuta njia ya kuingia, na mguu wake haikubali. Mpaka mkaleta kiti inatembea bila mguu. Mwite."

"Sitaki."

"Mwite, ama kijana apeleke kiti."

Uani kuku walikuwa wanaparua. Apolot alifungua kinywa, na jina alilolifungia miaka miwili likatoka dogo, bovu kidogo, kama kitu kilicholala kwenye unyevu.

"Ochom."

Kiti kilitikisika. Hakuna tik, hakuna mvumo wa mota, waya ungali mkononi mwa Josiah. Kulikuwa na pata, pata tu, iliyosikiwa na kila aliyekuwa pale, hata wale ambao hadi leo hukana, na ile harufu ya tangawizi iliyojaa ua mzima mpaka Nasimiyu akaziba mdomo kwa aproni, na kiti kikaanza kwenda kuelekea getini, polepole, jinsi anavyosukuma mtu mwenye kifua kibovu, watu wakipasuka huku na huku kukipisha, na wote wakaamini kwamba kinakwenda zake barabarani, darajani, kilikozoea, wakakimbilia huko kwenda kuona, wote isipokuwa mtu mmoja. Kiti kilifika getini. Kikakata kushoto, kikafuata ua wa michongoma, kikashuka njia ya mawe ambayo Apolot hakuwahi kupitishwa maisha yake yote, magurudumu yakiruka, yeye akishikilia pande zote mbili na kusema, Ochom, polepole, Ochom, kama alivyokuwa akisema zamani, na kikapungua mwendo kweli, kikapita migomba ya mwisho, na pale mbele pakatokea shimo la zamani la udongo wa matofali, lililofunikwa na magugu tangu mvua ile ya El Nino, na kando ya shimo, ameshatangulia, ametanua mikono kuzuia, jasho likimtiririka na majani ya migomba yamemganda shatini, alikuwa amesimama Ojakol.

Kiti kilisimama hatua moja mbele yake.

Majirani walifika wakihema. Apolot alimtazama kaka yake, akatazama migomba aliyoikatiza mbio.

"Kaka," alisema, "nani amekuambia inakuja huku?"

Ojakol alifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Wote wameenda kwa geti. Wewe peke yako umekuja hapa." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayehesabu nyuma. "Na ile siku ya mvua. Sikukuambia niko wapi. Ulikuja na mwavuli moja kwa moja."

"Apolot, wewe ni mtoto wa mama yangu," Ojakol alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Wanaume wawili walileta majembe. Watu waliinama kutazama shimo, macho yote chini, na hapo ndipo Ojakol alirudi nyuma hatua moja, mbili, akaingia migombani. Mto hauko mbali, na ng'ambo yake ni nchi nyingine. Alipokumbukwa alikuwa ameshavuka.

Kwanza zilitoka akala, zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Kisha kitambaa kilichooza chenye vifungo vya shaba, na Nasimiyu akakaa chini, tope na yote.

"Hiyo ni koti ya bwana yangu marehemu," alisema. "Nilimpatia Ochom ile asubuhi. Aliniuliza, mtu akienda kuongea na shemeji anavaa nini. Ojakol alikuwa amemuita waongee maneno ya mahari. Alikuwa amefurahi hata chai hakumaliza." Alijifuta na aproni. "Halafu nikasikia ametoroka na mwanamke. Nikasema, nitamwambiaje Apolot kwamba alikuwa anaenda kumuomba, halafu akabadilisha nia? Si ningemuua? Nikanyamaza."

Apolot hakulia. Alikuwa anafikiria majivu. Mtu alikuwa amelala hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake, ndani ya koti la kuazima, akiwa amekwenda kumposa, na yeye ndiye aliyetoka akitambaa kumfungia njia. Na aliyempa hayo maneno ya kumfungia alikuwa amekaa naye mezani miaka miwili, akimpa mizigo abebe, akimwuliza kama amelala vizuri. Kama Ochom angemuoa, Ojakol angempoteza dada, pamoja na blanketi lake lisiloinuliwa. Ni hilo tu. Mtu aliuawa kwa ajili ya njia rahisi ya kupitisha sabuni.

Ochom alizikwa kwao, kwa heshima. Lazarus alisema amelala. Josiah alirudisha waya na kukiacha kiti, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kukichukua, na Jumamosi iliyofuata mistari yote ilikuwa sawa: mota ilivuta moto mlimani, mchana kiti kilitulia ndani. Kibandani kwa Nasimiyu hakikusimama tena. Apolot alipanda mwinuko wa darajani akiwa ameinamisha kisogo, akingoja, na hapakuwa na chochote ila upepo na moshi wa malori.

Kisha habari zikaja na wafanyabiashara wa ng'ambo. Ojakol yuko Mbale. Anafyatua matofali, amenenepa. Polisi wa upande huu walisema upande ule si wao, na huo ukawa mwisho wa maelezo yao.

Siku hiyo Apolot alijaza ndoo maji. Bibi yake alimfundisha hilo pia: njia iliyofungwa kwa majivu hufunguliwa kwa maji na jina. Alikwenda mpaka ukingoni mwa njia, akamwaga maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, akamwita Ochom mara tatu. Baada ya hapo akaongeza maneno mawili ambayo bibi yake hakumfundisha.

"Yuko Mbale," alisema.

Usiku hakufunga komeo la mlango. Wala uliofuata.

Josiah alipokuja Jumamosi alikuta magurudumu yameganda udongo mwekundu. Alichomeka waya wake. Apolot alikuwa kitandani, amejifunika blanketi, ameelekeza uso ukutani.

"Dada, hii imevuka daraja," Josiah alisema. "Kila siku inaenda mbali zaidi. Jumatano imefika Tororo ikarudi. Alhamisi imepita." Akasogeza kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Jana imefika Mbale."

"Na mota?"

"Sifuri. Njia yote. Lakini hiyo siyo inanishangaza. Kuenda ilikuwa tupu. Kurudi imebeba uzito ya mtu mzima. Kilo themanini na kitu. Imekuja nayo mpaka huku nyuma, kwa lile shimo. Kutoka kwa shimo mpaka hapa kwa mlango, tupu tena."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Apolot aligeuka, akamtazama yule kijana, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

"Josiah," alisema, "pita kwa Nasimiyu umwambie alete chai. Vikombe viwili. Kuna mtu hakumaliza yake."